Kisigino cha Mama Kiberiti

Ukitaka kumjua Mama Kiberiti, usimtazame usoni. Tazama mguu wake wa kulia. Kutwa nzima mguu huo uko juu ya pedali ya cherehani. Unapanda, unashuka, unapanda, unashuka. Akiongea, mguu hausimami. Akicheka, cherehani inakwenda mbio zaidi. Akikasirika, hapo usiseme.

Kibanda chake cha ushonaji kimepakana na kibanda cha kinyozi. Kinyozi huyo ni mume wake, Baba Kiberiti. Katikati kuna ukuta wa mbao, na ukuta huo haujawahi kuzuia hata neno moja. Mume ananyoa huku, mke anashona kule, na wanajibizana siku nzima kana kwamba wako jikoni kwao.

Kiberiti mwenyewe ni binti yao. Alizaliwa kabla ya wakati, mtoto njiti, mdogo mpaka baba yake akaogopa kumshika. Hospitali ilikuwa na mashine chache za joto za kuwatunza watoto wa namna hiyo. Kwa hiyo Kiberiti alilazwa na mtoto mwingine ndani ya mashine moja. Mama yake alikuwa akisimama nje ya kioo, akiwatazama wale wawili walivyobanana. Akawa anajiuliza, "Akija wa tatu, watamweka wapi?"

Mtoto akapona. Akakua, akaanza shule, na Kiberiti, jina la utani alilopewa kwa unjiti wake, likamganda. Lakini lile swali halikumtoka mama yake.

Ndiyo maana siku tangazo la mbio za hisani lilipobandikwa mtaani, Mama Kiberiti hakumwomba mtu ushauri. Mbio zilikuwa za kuchangia mashine mpya za watoto njiti. Alikwenda moja kwa moja akajiandikisha nusu marathoni.

"Nusu marathoni?" mumewe aliuliza kutoka upande wa pili wa ukuta. "Wewe? Wewe basi likikuacha unasema litakuja jingine!"

"Kwani uongo? Si huwa linakuja?"

Mteja aliyekuwa akinyolewa ndevu alicheka mpaka kinyozi akaondoa wembe.

Basi, Mama Kiberiti akaanza mazoezi. Kila alfajiri alivaa raba zake akaenda mpaka sokoni na kurudi, polepole, akihema. Ajabu ni kwamba aliyapenda. Aligundua kwamba mtaa wake una harufu nyingine kabla watu hawajaamka. Aligundua pia kwamba ana pumzi kuliko alivyodhani.

Watu nao wakamwona. Kopo la michango likawekwa mezani kwa kinyozi, na wateja wa vibanda vyote viwili wakawa wanatia humo. Kila aliyepita alimpigia kelele. "Tunakuona, mama! Usituangushe!"

Maneno yale yalimpanda kichwani. Kwa nini aishie sokoni? Wiki iliyofuata alikimbia mpaka kwenye tangi la maji, kule juu kilimani. Wiki ya pili yake akapanda kilima hicho, akashuka, akapanda tena. Alijiona kama msichana.

Asubuhi moja aliteremsha miguu kitandani, akasimama, akapiga ukelele.

Mguu wa kulia ulimchoma kwa nyuma, juu kidogo ya kisigino, pale panapokuwa pembamba. Ulikuwa umekakamaa. Alichechemea mpaka jikoni akishika ukuta. Cha kushangaza, chai ilipochemka, maumivu yalikuwa yamepungua. Akavaa raba akaenda kukimbia. Aliporudi, nayo maumivu yakarudi.

Sasa, Mama Kiberiti ni mtu wa kudadisi. Uzi ukikatika kwenye cherehani, haungi tu akaendelea. Atakagua sindano, atachomoa bobini, atapuliza vumbi, mpaka ajue kisa. Kwa hiyo alikaa ukingoni mwa kitanda, akaushika mguu wake.

"Wewe una nini?" aliuuliza.

Kiberiti alitokeza kichwa mlangoni. "Mama, unaongea na mguu?"

"Ndiyo. Lakini haunijibu."

"Labda umenuna," alisema mtoto, akaenda zake shule.

Habari ikapenya ukuta wa mbao. Kwa kinyozi hakukosekani daktari, kila aliyekaa kwenye kiti kile alikuwa na dawa yake. Jioni Baba Kiberiti alirudi na mafuta makali ya kuchulia. Akakunja mikono ya shati, akaanza kukandamiza kisigino kwa vidole gumba viwili.

"Weee! Unaniua!"

"Jikaze. Ikiuma ndiyo inafanya kazi."

"Nani kakwambia?"

"Mteja."

"Mteja gani?"

"Yule mwenye upara."

"Mwenye upara! Na yeye nywele zake kazitibu kwa mafuta haya haya?"

Mteja mwingine alimletea vidonge vya maumivu. Mama Kiberiti akameza, akapanda kilima, na hakusikia chochote. Alishuka akiimba. Lakini kesho yake mguu haukukubali hata kugusa sakafu. Mahali pale nyuma palikuwa pamevimba, pamekuwa panene kama kamba.

"Basi," alisema. "Nimesalimu amri. Napumzika."

Na kweli alipumzika. Raba akazitupa chini ya kitanda, hakukimbia tena. Kwa bahati, siku hizo hizo waandaaji wa mbio walimletea furushi la fulana za wakimbiaji azishone. Alifurahi. Angalau mikono yake ingefanya kitu kwa ajili ya wale watoto wakati mguu unapona. Na kwa kuwa alfajiri zake zilikuwa tupu, akawa anaamka saa ile ile ya mazoezi, anakaa kwenye cherehani, anashona.

Alisubiri nafuu. Haikuja. Wiki ikapita, na nyingine ikapita, na kila asubuhi mguu ulikuwa mbaya kuliko jana.

Hapo ndipo udadisi ulipoanza kuchanganyika na hofu. Siku ya mbio ilikuwa inasogea. Kopo la kinyozi lilikuwa limejaa, wameweka la pili. Mama Kiberiti alikuwa akishona fulana za watu wengine, akijiuliza kama na yeye ataivaa ya kwake.

"Nimepumzika," alimwambia mumewe, machozi yakimlengalenga. "Kwa nini hauponi? Na watu nitawaambia nini?"

Baba Kiberiti hakuwa na utani siku hiyo. Alimshika bega tu.

Kesho yake aliingia mteja, mwanamke wa mtaa wa pili, na sare yake mkononi. Alikuwa mtaalamu wa viungo pale hospitali. Kazi yake ni kuwarudishia watu mwendo. Aliyevunjika, aliyepooza, aliyeteguka, wote hupitia kwake.

"Nipanulie kiunoni, fundi," alisema. "Sijui ni sare iliyopungua au ni mimi niliyeongezeka."

"Ni sabuni hiyo, dada. Inapunguza nguo."

Walicheka. Mama Kiberiti akainuka kuchukua futi, na mtaalamu akamwona anavyochechemea.

"Mguu umefanya nini?"

"Ungekuwa unasema, ningeshajua."

"Ngoja tuuulize vizuri." Mtaalamu alivuta kigoda. "Unauma zaidi wakati gani?"

"Asubuhi, nikitoka kitandani."

"Ukitembea kidogo?"

"Unaachia. Halafu baadaye unanikumbuka."

"Ulipoanza, ulisikia mlio? Kama mtu amekupiga teke kwa nyuma, ukageuka usimwone?"

"Hapana. Ulikuja kidogo kidogo."

Mtaalamu alimlaza kifudifudi juu ya benchi la wateja, nyayo zikining'inia. Akaliminya shavu la mguu taratibu. Unyayo ukajisogeza wenyewe. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akapapasa pale palipovimba, kwa ncha ya kidole tu.

"Hapa pana kano," alieleza. "Ni kama ukanda mnene. Inaunganisha nyama ya shavu la mguu na mfupa wa kisigino. Kila ukijisukuma mbele kwa vidole, inafanya kazi. Yako haijakatika, shukuru. Imezidiwa tu. Ulikuwa unafanya nini?"

Mama Kiberiti akamweleza habari ya mbio, ya soko, ya kilima na tangi.

"Uliongeza haraka mno," alisema mtaalamu. "Kano inapenda kuzoeshwa polepole. Ulipaswa kupunguza mbio mara tu ilipoanza kulalamika."

"Si nimepunguza, dada, nimeacha kabisa! Muulize huyo hapo nyuma ya ukuta."

"Hajakimbia hata kwenda dukani!" ukuta ulijibu. "Chumvi anatumwa mtoto!"

Mtaalamu akamtazama Mama Kiberiti, akautazama mguu. "Hapo pana jambo," alisema. "Kama umeacha kukimbia, ingekuwa imeanza kutulia. Hebu kaa. Endelea na kazi yako kama sipo."

Mama Kiberiti akakaa, akavuta fulana, akaanza kushona. Mtaalamu alipiga magoti, akainama, akaingiza kichwa chini ya meza ya cherehani.

Baba Kiberiti alitokea mlangoni na kitana mkononi. "Kulikoni? Mmeangusha sindano?"

"Njoo uone," ilisema sauti kutoka chini ya meza.

Kinyozi naye akainama. Waliangalia wote wawili. Mguu wa kulia ulikuwa unasukuma pedali kwa vidole tu. Kisigino kilikuwa kinaning'inia hewani, kinapanda na kushuka, kinapanda na kushuka. Mguu wa kushoto ulikuwa umekunjwa nyuma, umetulia. Mahali pake kwenye pedali palizibwa na kapu kubwa la vipande vya nguo.

"Fundi, huu wa kushoto una kazi gani?"

"Huo? Huo unanisindikiza tu."

"Na hili kapu liko hapa tangu lini?"

"Tangu... mbona siku nyingi. Tangu nimepanga hapa."

"Sawa. Sasa niambie. Alfajiri hizi ambazo hukimbii, unafanya nini?"

Mama Kiberiti akafungua mdomo kujibu. Akaliangalia furushi la fulana, akauangalia mguu wake wa kulia, na cherehani ikasimama.

"Mungu wangu," alisema.

Baba Kiberiti alijishika kiuno. "Kumbe mke wangu alikuwa anakimbia akiwa amekaa!"

Walicheka, na Mama Kiberiti alicheka kuliko wote, kwa sababu alikuwa amepata kisa. Kitu kilichomsumbua wiki zote hizo kilikuwa chini ya meza yake mwenyewe.

"Lakini ngoja," alisema akifuta macho. "Pedali nimeikanyaga miaka yote. Mbona haikuniuma?"

"Swali zuri," alisema mtaalamu. "Pedali peke yake mguu ulikuwa umeizoea. Ukauongezea kilima, ghafla, juu ya pedali. Ukachoka. Kisha ukaondoa kilima ukazidisha pedali. Haukupata nafasi ya kupona."

"Basi niache na kushona? Nilale tu?"

"Hapana! Ukiulaza kabisa, kano inadhoofika. Ipe kazi, lakini kazi inayoiweza. Simama hapa, shika meza. Inuka juu ya vidole vya miguu yote miwili, polepole. Sasa shuka, polepole zaidi. Unasikiaje?"

"Panauma kidogo."

"Kidogo haina neno. Fanya mara chache kila siku, halafu uongeze kadiri mguu unavyopata nguvu. Na kila siku uuulize mguu swali la asubuhi. Ukiamka uko kama jana au nafuu, unakwenda sawa. Ukiamka mbaya zaidi, jana ulizidisha, punguza."

"Na mafuta yangu?" aliuliza Baba Kiberiti.

"Mafuta hayana ubaya, shemeji. Tatizo ni vidole vyako. Hapo palipovimba usipakandamize." Kisha akamgeukia fundi. "Na vidonge usimeze ili ukimbie. Maumivu yanakupa habari. Ukiyanyamazisha utaumia bila kujua. Na siku yoyote ukisikia mlio, au ukashindwa kuinuka juu ya vidole, au shavu la mguu likavimba na kuwa la moto, usingoje kesho. Njoo hospitali. Hata hivyo wiki hii njoo nikupime vizuri, benchi la wateja si kitanda cha kliniki."

Mama Kiberiti akaitikia yote. Kisha akauliza lile alilokuwa akiliogopa.

"Na mbio, dada?"

Mtaalamu hakuzungusha maneno. "Nusu marathoni hapana. Kano inachukua miezi kupona. Lakini siku hiyo kuna mbio fupi pia. Hizo, ukichanganya kutembea na kukimbia, huenda. Mguu ndio utakaoamua."

Mtaalamu alipoondoka, Mama Kiberiti alikaa na fulana mapajani bila kushona. Aliumia moyo. Alikuwa amejiona mara nyingi akimaliza mbio zile ndefu.

"Tuwaambie una mafua," mumewe alishauri kwa sauti ya chini.

"Mafua ya kisigino?"

Asubuhi iliyofuata alikwenda mwenyewe upande wa pili wa ukuta. Viti vyote vilikuwa na watu. Akasimama mbele ya kioo, akawaambia. Mguu umezidiwa. Hatakimbia nusu marathoni. Labda zile fupi, na huenda atatembea. Anayetaka mchango wake arudishiwe, kopo hili hapa.

Kisha yule mteja mwenye upara akageuka kwenye kiti, povu likiwa limemjaa kidevuni.

"Mama Kiberiti, hebu niambie. Kwani sisi tulichangia kisigino chako, au tulichangia watoto?"

Kibanda kizima kililipuka kwa kicheko. Mwenye upara akatoa mkono ndani ya kitambaa cha kinyozi, akatia kitu kingine kwenye kopo. Mama Kiberiti alirudi kwenye cherehani yake akilia, lakini hayakuwa machozi ya juzi.

Kapu likaondolewa siku hiyo hiyo. Baba Kiberiti alipiga msumari ukutani akalitundika. Mama Kiberiti akaweka miguu miwili kwenye pedali, nyayo nzima, visigino chini. Mwanzoni mguu wa kushoto haukujua kazi. Mshono ulikwenda kama mlevi anayerudi nyumbani, na fulana mbili ilibidi zifumuliwe. Lakini ukazoea. Akashona pia vipande vinene vya kitambaa, akaviweka ndani ya viatu vyote viwili chini ya visigino, ili kano isivutike sana. Mtaalamu alimsifu kliniki, akasema ndivyo hasa inavyotakiwa.

Na kila siku alisimama kizingitini, akashika fremu ya mlango, akainuka juu ya vidole. Kiberiti aliinuka pamoja naye. Baada ya muda hata wateja waliosubiri zamu kwa kinyozi wakawa wanainuka, wakishikana mabega na kuyumba. Mpita njia angedhani ni ngoma mpya.

Asubuhi zikabadilika. Kwanza ukuta haukuhitajika tena. Kisha kuchechemea kukaishia mlangoni mwa chumba. Akaanza kutembea mpaka sokoni, na baadaye kutembea na kukimbia kidogo kwenye tambarare. Kilima alikitazama kwa mbali tu, akakisalimia.

Siku ya mbio ilifika. Wakimbiaji wa nusu marathoni waliondoka kwanza, wamevaa fulana alizozishona. Mama Kiberiti aliwatazama wakipotea kwenye kona, akasikia uchungu, na uchungu huo haukuwa wa kisigino. Kisha filimbi ya mbio fupi ikalia, na Kiberiti akamvuta mkono.

Walitembea, wakakimbia, wakatembea. Karibu na mwisho watu walijaa kandokando wakishangilia, na mwenye upara alikuwa anapiga sufuria. Mama Kiberiti alitamani kuchomoka kama mshale. Akasikia kano ikivuta kidogo. Siku zile za kilima angejikaza. Safari hii alipunguza mwendo, akavuka mstari akitembea, binti yake mkononi, akipunga kama malkia.

"Kesho asubuhi ndiyo tutajua," alimwambia mumewe.

Kesho asubuhi familia nzima ilikusanyika chumbani. Mama Kiberiti alikaa ukingoni mwa kitanda, akateremsha mguu wa kulia. Akasimama. Akangoja. Akatembea mpaka jikoni, akarudi.

"Umejibu?" aliuliza Kiberiti.

"Umejibu. Umesema mwaka ujao tuzungumze habari ya kilima."

Baada ya muda hospitali iliwaalika waliochangia waje waone mashine mpya. Mama Kiberiti alikwenda na binti yake. Walisimama nje ya kioo kile kile. Ndani watoto wawili walikuwa wamelala, kila mmoja ndani ya mashine yake, amenyoosha miguu yake midogo namna anavyotaka. Pembeni yao kulikuwa na mashine ya tatu. Ilikuwa imewashwa, taa yake inawaka, shuka jeupe limetandikwa, na ndani hakuna mtu.

Kiberiti akabandika pua kwenye kioo. "Mama, hii ya nani?"

Mama Kiberiti alimvuta mtoto karibu.

"Ya wa tatu," alisema.